Mwongozo kamili wa kuanza biashara ya kufunga magoli ya basketi majumbani huku Marekani

Wakuu, nianze na kitu ambacho wengi hawakitegemei: hii biashara haina uhusiano mkubwa na basketi. Mimi mwenyewe sijawahi kudanki maishani, nikiwa Dar nilikuwa mtu wa chandimu, na ukinipa mpira leo narusha kama natupa jiwe kwenye mwembe. Kinacholipa hapa ni shimo. Anayejua kuchimba shimo sahihi, kumwaga zege sahihi na kunyoosha sahihi pleti, lile bamba la chuma la kufungia nguzo, anakula hela, na anayejua majina ya wachezaji wote wa NBA ila shimo limepinda anarudishiwa simu na mteja mwenye hasira.

Niko Dallas, Texas. Nilianza nikiwa bado nabeba boksi usiku kwenye ghala, jirani yangu alimnunulia mwanae goli, boksi likakaa gereji miezi minne halijafunguliwa, siku moja akaniona nafunga kitanda nje akaniuliza kama naweza kumfungia na lile. Nikatumia saa sita, akanipa dola 150, na wiki hiyo hiyo shemeji yake akapiga. Hapo ndo nikashtuka kwamba mji mzima umejaa maboksi ya namna ile, maana mtu wa Frisco au Plano, vitongoji vya Dallas, hela ya goli anayo, asichokuwa nacho ni muda, mgongo na uvumilivu wa kusoma kitabu cha maelekezo cha kurasa arobaini.

Zijue aina za magoli kwanza

Ya kwanza ni ya magurudumu, lina tanki chini unalijaza maji au mchanga. Hili halina shimo, ni kufunga nati tu, na ndilo la kuanzia. La pili ni la ukutani au juu ya paa la gereji, mimi nayakataa mengi kwa sababu mzigo wote unategemea mbao za ndani ya ukuta ambazo huzioni, na mpira ukigonga kila siku vigae vya paa vinalegea, alafu mvua ikivuja nani atalaumiwa? La tatu ni la kuzamishwa ardhini, na hapa ndo penye hela. Hili nalo liko namna mbili: kuna ambalo nguzo yenyewe inafukiwa kwenye zege moja kwa moja, na kuna la pleti na bolti, yaani unamwaga zege, unazamisha bolti ndefu zilizopinda chini kama herufi J, zege likishika ndo unafunga nguzo juu yake. Goalrilla na mengine ya bei kubwa ni ya bolti. Mteja akikuuliza mwambie achukue la bolti, akihama analifungua anaenda nalo, la kufukia akihama analiacha au analikata na grinda.

Ubao nao una saizi zake. Wa kiwanja rasmi ni inchi 72 kwa 42, majumbani wengi wananunua inchi 54 au 60. Kuna wa plastiki, wa akriliki na wa kioo kigumu. Kioo ndo kinadundisha mpira vizuri, ila uzito wake usiuchezee, ubao wa inchi 60 wenye kioo cha unene wa inchi 3/8 kioo peke yake kinakaribia paundi 80, hapo bado fremu.

Karatasi, usiziruke

Kabla ya yote, kama huna kibali cha kufanya kazi, au uko kwa viza ya mwanafunzi, hii usiiguse, shule na karatasi zako zina thamani kuliko magoli elfu. Samahani kwa kuwa mkali, ila kuna watu wanadanganyana kwamba "ni vibarua tu", sio kweli.

Kwa mwenye kibali, Texas ni rahisi. Hakuna leseni ya jimbo ya mkandarasi wa kawaida, leseni ziko kwa mafundi umeme, mabomba, viyoyozi na mambo kama hayo. Unaweza kuanza kwa jina lako tu, ukitaka jina la biashara unaliandikisha kwa karani wa kaunti. Ukitaka LLC, yaani kampuni inayotenganisha mali yako na madeni ya biashara, ada ya kusajili kwa Texas ni dola 300, Ohio nasikia vijana wanaulizia sana, kule ni 99. Namba ya kodi ya biashara, EIN, IRS, yaani mamlaka ya kodi ya serikali kuu, wanatoa bure, dakika chache mtandaoni, kwahiyo ukiona tovuti inakudai hela kukuombea hiyo namba funga ukurasa. LLC ya Texas kila mwaka mwezi wa 5 ina ripoti ya kujaza hata kama hudaiwi kodi yoyote, wengi wanasahau hapo.

Kodi: Texas haina kodi ya mapato ya jimbo kwa mtu binafsi, lakini serikali kuu inakusubiri. Ukijiajiri kuna ile kodi ya kujiajiri, kiwango chake asilimia 15.3, hiyo ni kabla ya kodi ya mapato yenyewe, na hawasubiri mwisho wa mwaka, unalipa kwa awamu nne, Aprili, Juni, Septemba na Januari. Mimi kila hela inayoingia, nikishatoa gharama, robo yake naipeleka akaunti nyingine ambayo kadi yake naiacha nyumbani kwenye droo. Tunza risiti zote na andika maili za gari, zile maili zinapunguza kodi kweli kweli.

Bima ya dhima ya biashara, ile inayolipa ukiharibu mali ya mtu, chukua kabla ya shimo la kwanza. Ulizia kwa mawakala watatu hivi, na waambie ukweli kwamba unachimba, ukiwaambia "nafunga fanicha" siku umekata bomba watakuambia hiyo haimo.

Vifaa

Usikimbilie kununua kila kitu. Kwa magoli ya magurudumu unahitaji seti ya soketi na spana (inchi na milimita zote mbili, maboksi mengine yanachanganya makusudi ili ulie), drili ya betri, nyundo ya mpira, pima maji, futi kamba, ngazi mbili za futi 8 na turubai la kumwagia nati zisipotelee kwenye nyasi. Hapo umeshaanza kazi.

Kwa ya ardhini ongeza chepe lenye ncha, ile koleo ya midomo miwili ya kuchimbia mashimo ya nguzo, mtaimbo mzito, toroli, uzi wa fundi na vigingi, na pima maji ndefu ya futi 4. Mashine ya kutoboa ardhi kodisha, usinunue. Na ya kuchanganyia zege pia kodisha, mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nachanganya kwa mkono ndani ya toroli kama niko saiti Kimara, vijana msiige, mgongo hauna spea.

Gari ndo watu wanajidanganya. Mifuko 15 ya zege ya paundi 80 ni paundi 1,200, mifuko 27 ni zaidi ya paundi 2,100, karibu tani moja kamili. Pikapu nyingi za kawaida hapo zimeshazidiwa. Fungua mlango wa dereva usome kibandiko cha mzigo, ikizidi enda mara mbili au lipa dukani walete mpaka kwa mteja.

Anza na ya magurudumu, magoli kama 20 hivi

Yatakufundisha mikono. Utajua bolti ipi usikaze mpaka mwisho mpaka nyingine zote ziingie, utajua vipande vya nguzo vinavyoshindiliwa kimoja ndani ya kingine vikishabana havitoki tena kwahiyo alama ya mbele lazima iwe mbele. Jaza tanki kabla hujamruhusu mtoto hata mmoja kusogea, goli tupu linaanguka na upepo tu. Mwambie mteja pia, Texas baridi sio nyingi ila ikija inakuja, maji yakiganda yanapasua tanki, mchanga ni bora.

Kwenda kupima: hapa ndo kazi inaposhinda au kushindwa

Usitaje bei ya goli la ardhini kwa simu. Nenda. Ukifika angalia haya.

Mteremko wa draivuwei, ile njia ya zege ya gari mbele ya gereji. Ringi inatakiwa iwe futi 10 kutoka sakafu ya kuchezea, chini ya ringi pale, sio kutoka kwenye mguu wa nguzo. Huo urefu wa futi 10 unatoka 1891 huko Springfield, Massachusetts, Naismith, aliyeubuni mchezo wa basketi, alipogongomea vikapu vya mapichi kwenye roshani ya jimu na roshani ilikuwa futi 10, basi dunia nzima ikabaki hapo. Sasa nguzo inakaa kwenye nyasi, nyasi pengine ziko inchi 5 chini ya zege la draivuwei, ukimwaga zege lako usawa wa nyasi, goli lote limeshuka inchi 5 na skeli iliyobandikwa kwenye nguzo itakuwa inadanganya maisha yake yote. Juu ya zege lako paje sawa na draivuwei.

Mahali pa kucheza. Kutoka uso wa ubao mpaka mstari wa faulo ni futi 15. Weka uzi, simama pale, angalia mpira ukikosa unaenda wapi: dirisha la jirani, gari, au barabarani. Mara nyingi mteja mwenyewe akisimama pale anabadili sehemu.

Umoja wa wenye nyumba wa mtaa, ile HOA. Vitongoji vya huku vingi vinayo na wana sheria za goli, rangi ya nguzo, umbali, mbele au nyuma ya nyumba. Barua ya ruhusa ni kazi ya mteja, wewe iombe uione kabla ya kuchimba. Na ile sehemu kati ya njia ya miguu na barabara usichimbe hata mteja akilia, hapo kwa kawaida jiji lina haki napo.

Alafu 811. Hii ni namba ya simu ya bure nchi nzima, unapiga au unajaza mtandaoni kabla ya kuchimba, makampuni ya umeme, gesi, simu na maji yanakuja kuchora mistari ardhini kuonyesha nyaya na mabomba yao. Texas ni angalau saa 48 kabla, wikiendi na sikukuu hazihesabiwi, kwahiyo kama unachimba Jumatatu usipige Jumamosi. Ombi liwe kwa jina lako wewe mchimbaji. Rangi zishike kichwani: nyekundu umeme, njano gesi, chungwa simu na intaneti, bluu maji safi, kijani maji taka, nyeupe ni wewe mwenyewe unaonyesha unapotaka kuchimba. Ukiwa karibu na mstari, ndani ya inchi 18 kila upande, hakuna mashine, ni mkono tu, ila mimi njano nikiiona karibu nahamisha shimo bila mjadala.

Kinachouma ni kwamba 811 hawachori vitu vya mwenye nyumba. Bomba la kumwagilia bustani, waya wa kwenda kwenye kibanda cha nyuma, bomba la bwawa, hayo hayachorwi. Na Dallas karibu kila bustani ina mabomba ya kumwagilia yamezikwa inchi chache tu, pembeni kabisa ya draivuwei, pale pale unapotaka kuchimba. Muombe mteja awashe kila zoni, yaani kila sehemu ya umwagiliaji, tazama vichwa vya kurushia maji vinavyochomoza, chora mstari wa kufikirika kutoka kimoja hadi kingine, bomba liko hapo. Inchi 12 za mwanzo nachimba kwa mkono siku zote. Na ukilikata usijitie fundi, kazi ya mabomba ya bustani Texas ina leseni yake, mimi nina jamaa mwenye leseni nampigia, na kwenye mkataba wangu kuna mstari unaosema hiyo gharama ni ya nani.

Shimo na zege

Fuata vipimo vya kitabu cha goli husika, usinisikilize mimi wala YouTube. Mengi ya bolti yanataka kina cha inchi 48 hivi. Hesabu ya zege iko hivi: mfuko wa paundi 80 unatoa futi za ujazo 0.6. Shimo la duara la inchi 20 kwa kina cha 48 ni futi za ujazo 8.7, gawanya kwa 0.6, mifuko 15. Upana ukiwa inchi 24 inakuwa 21. Shimo la mraba la futi 2 kwa 2 kwa kina cha 4 ni futi za ujazo 16, mifuko 27. Ona tofauti ya inchi 4 za upana ilivyo kubwa, ndo maana shimo likipanuka hovyo kwa sababu umechimba vibaya unalipa kutoka mfukoni. Pande ziwe wima, na kama chini pamepanuka kidogo sawa, ila juu pasiwe papana kuliko chini kama faneli.

Udongo wa Dallas ni mfinyanzi mweusi, kiangazi unapasuka nyufa za kuingia vidole na mvua ikinyesha unavimba kama unga wa mandazi. Nguzo iliyokaa juu juu kwenye udongo huu itacheza kila msimu, kwahiyo kina usipunguze hata inchi moja. Walioko Minnesota sababu yenu ni nyingine, kule ardhi inaganda futi 3 na nusu mpaka 5, shimo lishuke chini ya hapo la sivyo barafu inalisukuma zege juu. Na popote ulipo, kaa mbali na msingi wa nyumba, huku misingi mingi ina nyaya za chuma zilizokazwa ndani ya zege, hizo ukizigusa umeingia kwenye matatizo ambayo goli halilipi.

Nondo weka kama kitabu kinavyosema. Funga bolti za J kwenye pleti ya mfano, zungushia tepu kwenye nyuzi za juu zege lisiingie. Zege liwe zito, watu wanapenda kuongeza maji ili limiminike kirahisi, maji mengi ni zege dhaifu. Mwaga, chokoa na nondo hewa itoke, zamisha bolti huku unatikisa kidogo kidogo, alafu sasa ndo unyooshe.

Kunyoosha nikueleze kwa kisa. Goli langu la tatu la ardhini, niko na dogo mmoja wa Goma, mchapakazi sana, Kiswahili chake na changu tunachekana kutwa. Nimezamisha pleti, nimeweka pima maji, tone liko katikati pande zote, nikaridhika. Dogo kasimama kwenye draivuwei anakunja uso, akasema, "Mukubwa, hii kitu inaangalia muti, haiangalie gari." Nikamwambia pima maji haidanganyi. Na kweli haikudanganya, pleti ilikuwa usawa kabisa, ila ilikuwa imezunguka, kwa sababu niliilinganisha na ukingo wa nyasi na ukingo ule ulikuwa umepinda. Siku tatu baadae tumesimamisha, mteja akatoka, akasimama kwenye mstari wa faulo, akainamisha kichwa upande mmoja kama kuku anayetazama punje. Ilikuwa kama digrii 5. Kwenye pleti huzioni, ila kwa futi 15 ni kupotea zaidi ya futi 1. Na nati za kurekebishia zinatoa mwinamo tu, mzunguko hazirekebishi. Nilikodi nyundo ya umeme, nikavunja zege lote, nikalipia jipya, kazi ikawa ya hasara.

Toka siku hiyo navuta uzi mmoja kando ya draivuwei, futi 20 nzima, alafu uzi wa pili unaoukata kwa pembe mraba kwa ile hesabu ya 3-4-5 ya mafundi wote (pembetatu ya pande 3, 4 na 5 inatoa pembe mraba), ukingo wa mbele wa pleti unafuata uzi wa pili. Na dogo ndo mkaguzi, asiposema ndio simwagi.

Acha zege siku 3 kamili kabla ya kusimamisha chochote. Kiangazi huku joto linapita 38 za sentigredi, zege linakauka juu haraka mno, lifunike na magunia mabichi, na mwaga asubuhi na mapema.

Kusimamisha

Watu wawili ni kiwango cha chini, ubao wa kioo mkubwa watatu, au kodisha ile mashine ya kuinulia jipsamu za dari, ubao unapanda polepole hakuna anayekufa. Kioo kigumu ukikipiga usoni kinavumilia mpira miaka yote, ila ukikigonga kona kidogo tu kwenye zege kinamwagika chote kama sukari. Kwahiyo karatasi ngumu ya kwenye kona iache mpaka dakika ya mwisho. Usiinue ubao kwa kushika ringi. Nyoosha nguzo kwa nati za chini ya pleti, kaza, alafu pima futi 10 mwenyewe kwa futi kamba mbele ya mteja, hiyo dakika moja inakuletea wateja kuliko tangazo.

Bei

Chukua goli la mifuko 15. Zege kwa dola 6 mfuko ni 90, nondo na vidogo vidogo 20, kukodi mashine ya kuchimba 100, msaidizi 150, mafuta 40, kutupa udongo 50. Hiyo ni 450. Udongo watu wanausahau, ukishachimbuliwa unavimba, shimo dogo linatoa rundo la kushangaza na mteja hataki kuliona. Mimi hapo nachaji 900. Nusu inayobaki ndo ya kodi, bima, na safari mbili, maana kuna siku ya zege na siku ya kusimamisha. Ukichaji 500 ili uwe rahisi kuliko wengine, umemfungia mtu goli bure na umempa na jasho. Kianzio nachukua hela ya vifaa siku ya zege, iliyobaki ringi ikishafika juu. Jiwe kubwa ardhini, mizizi, au kukata zege la zamani vina bei yake na nimeviandika kabla.

Wateja

Nextdoor, mtandao wa majirani wa mtaa mmoja, na magrupu ya Facebook ya vitongoji yalinipa karibu wote wa mwanzo. Picha piga kutoka mstari wa faulo, ubao ukiwa umenyooka na nyumba nyuma, sio picha ya shimo, shimo analipenda fundi tu. Pitia maduka ya michezo uwaachie kadi, wanauza magoli na wanaulizwa kila siku nani anafunga. Desemba ni mwezi wa magoli ya magurudumu, wazazi wanataka liwe limesimama asubuhi ya Krismasi, mkesha nafanya kazi mpaka usiku na bei ya siku hiyo inajua ni mkesha. Machi mashindano ya vyuo yakianza simu za goli la ardhini nazo zinaanza, mpaka kiangazi. Mteja mtu mzima akisikia natoka Tanzania huwa ananitajia Hasheem Thabeet, Mtanzania mrefu aliyechaguliwa namba 2 na timu ya NBA ya Memphis mwaka 2009, alafu ananiangalia urefu wangu na tunacheka wote.

Kitu cha mwisho kwenye kila kazi: baada ya miezi miwili hivi, mvua kubwa ikishapita, narudi na spana na pima maji bila kuitwa. Bolti zinalegea kidogo zikishachezewa, na mfinyanzi ule unakuwa umeshavimba mara moja. Ni dakika kumi, sichaji. Mara nyingi jirani anakuwa nje anamwagilia, anauliza nimekuja kufanya nini, nami namuonyesha.